Vistari Saba vya Kwaresima

Kwaresima ile nilifunga nyama, nilifunga sukari, nilifunga hata soda ninayoipenda kuliko baadhi ya jamaa zangu. Kitu ambacho sikukifunga ni kisasi. Hicho nilikilisha kila Jumamosi saa kumi, mbele ya watu wa jumuiya, nikiwa na rozari shingoni na kalamu mkononi.

Niseme mapema kwamba sijutii yote. Watu hupenda kusimulia mambo ya Kwaresima wakiwa wameshatakata, weupe kama nguo ya ubatizo. Mimi nasimulia nikiwa bado na madoa, na mengine nimeyaacha kwa makusudi.

Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko Soko la Toi, kwenye safu ya mafundi wanaorekebisha mitumba. Mtu ananunua suruali ya mzungu mnene, mimi naipunguza mpaka ikae kama ilishonewa yeye. Siku hizi naishi Kawangware, lakini nililelewa Laini Saba, kando ya reli, katika chumba kimoja na mama yangu. Mama alikuja Nairobi kutoka Magharibi akiwa msichana, akafua nguo za watu wa Nyayo Highrise kwa miaka mingi, mpaka miguu ikamgomea. Alikuwa na imani kubwa na mdomo mkali, na sijui ni kipi kati ya hivyo viwili nilichorithi zaidi. Anayenijua atasema ni mdomo.

Ili mambo yaeleweke, lazima nieleze kitabu. Katika parokia zetu padre hawezi kumjua kila mtu. Mkatoliki anajulikana kwa jumuiya, familia ishirini au thelathini za mtaa mmoja wanaokutana kila wiki nyumbani kwa mmoja wao, wanasoma Injili, wanasali, wanaimba, kisha katibu anafungua kitabu cha mahudhurio. Aliyekuja anawekewa tiki. Ambaye hakuja anawekewa kistari. Ukitaka kubatiza mtoto, ukitaka kufunga ndoa, ukitaka misa ya mazishi, unaulizwa barua ya jumuiya, na barua inatoka kwenye kitabu hicho. Kama kitabu hakikujui, wewe ni mpita njia tu.

Mama yangu alifariki miaka minane iliyopita, Jumanne moja ya mvua. Asubuhi hiyo hiyo nilikwenda kwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Laini Saba kuomba barua. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyekaanga chapati kando ya reli, mwenye sauti nzuri ya kuanzisha nyimbo, na kitabu alikishika mwenyewe kwa sababu hakumwamini katibu yeyote. Alijipangusa mikono kwenye aproni, akakitoa kitabu chini ya meza ya unga, akapitisha kidole kwenye mstari wa mama.

“Miezi mitatu,” alisema. “Jionee. Mamako hajakanyaga jumuiya miezi mitatu.”

“Alikuwa mgonjwa. Miguu.”

“Wagonjwa tunawajua. Mtu anakuja anatuambia, tunaenda kumwombea. Wewe ulikuwa wapi?”

Nilikuwa Toi.

“Nikikuandikia wewe, kesho kila mtu atataka aandikiwe,” alisema. “Pole sana, mama, lakini siwezi.”

Kisha akageuza chapati. Hilo ndilo nililobaki nalo miaka yote minane. Si maneno yake, maana maneno kama hayo nimesikia ofisi nyingi. Ni kwamba chapati ilikuwa inataka kuungua, na yeye akaona heri ashughulike nayo.

Padre wa nyumbani kwetu Magharibi, tulikompeleka kumzika, naye aliuliza barua ya Nairobi. Hakuna barua, hakuna misa. Katekista wa kijijini alisoma sala tatu, akatazama mawingu yaliyokuwa yakikusanyika, akatuharakisha. Mwanamke aliyefunga Kwaresima zote za maisha yake, aliyenifundisha Salamu Maria kabla sijajua kufunga kamba za viatu, alifukiwa bila misa kama mtu aliyeokotwa.

Nilimchukia yule mwenyekiti kwa moyo wangu wote. Nilijichukia na mimi kidogo, kwa sababu swali lake lilikuwa na meno. Jumuiya ilikuwa Jumamosi saa kumi, na Jumamosi ndiyo siku ya wateja. Mama aliniomba mara kadhaa nifunge mapema nimshike mkono nimpeleke. Nilimwambia wiki ijayo. Nilimwambia hivyo miezi mitatu. Kila nilipokumbuka kidole cha yule mwanamke kikipita juu ya vistari vya mama, nilijua kwamba vistari vile ni mimi niliyeviweka.

Nikahamia Kawangware. Jumuiya ya huko, baada ya mwaka mmoja, ilinichagua kuwa katibu, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Niliweka nadhiri kimoyomoyo kwamba katika kitabu changu hakuna mtu atakayekosa barua. Mama wa mapacha asipokuja, nilimwekea tiki. Mlinzi aliyelala mchana kwa sababu ya zamu, tiki. Bibi wa ploti ya nyuma aliyevimba magoti, tiki, kila wiki, bila kukosa. Mwenyekiti wetu, mzee mwenye ploti tatu na moyo laini kuliko anavyotaka wapangaji wajue, aliona na akanyamaza. Jumamosi nilifunga kibanda saa tisa. Niliweza kufunga saa tisa, kumbe. Wateja hawakufa.

Basi, Jumamosi moja kabla ya Jumatano ya Majivu, tukiwa sebuleni kwa mzee, sauti ilisema mlangoni, “Tumsifu Yesu Kristu.”

Watu wakaitikia. Kabla sijainua uso, nilijua ni ile sauti iliyokuwa ikianzisha nyimbo Laini Saba.

Alikuwa amezeeka. Amekonda, nywele zimeingia mvi chini ya kitambaa, mabega yameshuka. Alieleza kwamba nyumba yao Laini Saba ilibomolewa barabara ilipopita, kwamba amehamia Kawangware na mumewe ambaye amepooza upande mmoja, na kwamba anaomba tumpokee. Watu wakapiga makofi. Akazunguka akitusalimia mmoja mmoja kwa mkono, na alipofika kwangu akaushika mkono wangu, akanitazama sawasawa.

“Pole na kazi, katibu,” alisema, akapita.

Hakunikumbuka. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na damu ikanichemka. Mimi nilikuwa nimembeba miaka minane, nimemlaza na kumwamsha, nimeshona naye suruali zisizo na idadi, na yeye hakuwa hata na taabu ya kunikumbuka.

Wakati wa mahudhurio niliandika jina lake kwenye mstari wa mwisho, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Kalamu ikasimama kwenye kisanduku cha tarehe. Alikuwa ameketi hatua tatu kutoka kwangu, magoti pamoja, anaimba. Nikamwekea kistari.

Kilikuwa kifupi na kimenyooka. Sitadanganya, kilikuwa kitamu. Niliondoka pale mwepesi, nikapika ugali na sukuma, nikala nikiimba.

Jumatano ya Majivu tulikwenda na matawi yetu ya mwaka uliopita, yale makavu tunayochomeka juu ya milango, yakachomwa yakawa majivu, tukapakwa kwenye paji la uso. Padre wetu ni kijana na anapenda mambo ya kufanya kwa mikono. Alisema mwaka ule hataki kusikia mtu amefunga nyama peke yake, maana wengi wetu nyama hatuioni hata Kwaresima ikiwa haijaingia. Watu wakacheka. Alisema tufunge hasira. Kila mtu achukue kikaratasi, aandike jina la aliyemkosea, akitumbukize kwenye kasha chini ya altare, na Pasaka kasha zima litatiwa kwenye moto mpya.

Nilichukua kikaratasi. Nikaandika jina la mama mboga wa kona yetu, ambaye wiki iliyopita aliniuzia nyanya zilizooza chini. Nikakitumbukiza kwa heshima zote, nikapiga goti. Mungu nilimpa hasira yangu ndogo, ile kubwa nikarudi nayo nyumbani.

Ikawa kila Jumamosi. Tulisoma kile kijitabu cha Kwaresima chenye mada ya kila wiki, tukajadili, tukasali, nikafungua kitabu. Yeye hakukosa hata mara moja. Mvua ilinyesha, akaja na mfuko wa plastiki kichwani. Mlinzi nilimwekea tiki naye amelala kwake anakoroma. Mama wa mapacha nilimwekea tiki. Yeye, aliyekaa pale na viatu vimelowa, nilimwekea kistari. Kitabu kilipopitishwa watu waone kama majina yao yapo, kilipita mikononi mwake pia. Nilimwona akikiinamia, kisha akimpa jirani yake. Nilifikiri macho hayaoni vizuri, au hajali kutafuta mstari wake. Mwenyekiti wetu alikuwa mgonjwa Kwaresima yote na hakugusa kitabu. Wengine kila mtu hutazama jina lake, basi.

Jumamosi ya nne ilikuwa zamu ya nyumbani kwake. Chumba cha mabati, kimegawanywa na pazia, na nyuma ya pazia mumewe amelala. Alikuwa amefagia mpaka nje ya mlango. Meza ndogo ilikuwa na kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa na ua la plastiki. Tulipomaliza sala alifungua pazia ili tumwombee mgonjwa. Mzee yule alinyoosha mkono mmoja unaofanya kazi, akamshika kila mmoja wetu, na machozi yakamtoka upande mmoja wa uso. Mada ya wiki ile ilikuwa msamaha. Niliisoma mimi, kwa sauti, kwa sababu nasoma vizuri.

Halafu akatupa chai ya rangi na chapati. Nilikula chapati yake. Ilikuwa laini. Nikajipangusa vidole, nikafungua kitabu, nikaandika kwamba mwenye nyumba hakuwepo.

Wiki ya tano nilikwenda kuungama. Nilipiga foleni na wenzangu, nikamweleza padre kwamba nimesengenya, nimedanganya mteja kuhusu zipu, nimekosa sala za asubuhi. Aliniuliza kama kuna kingine. Nikamwambia hakuna. Aliniambia nisali rozari moja, nikaisali yote, na sijui hadi leo ni nani aliyeisikiliza.

Mumewe alifariki Jumatatu ya Juma Kuu.

Anayejua kalenda ya kanisa ataelewa haraka yake. Kuanzia Alhamisi Kuu hadi Jumamosi Kuu hakuna misa ya mazishi. Kama angetaka mumewe azikwe na misa, ilikuwa ni Jumatano, au angoje mpaka Pasaka ipite, na hakuwa na uwezo wa kumwacha mochwari siku zote hizo. Mwenyekiti wetu alinipigia simu kutoka kitandani.

“Katibu, mimi siwezi kutoka,” alisema. “Andika barua nitaisaini. Halafu kesho umpeleke mama ofisini kwa katekista, na uende na kitabu. Siku hizi bila kitabu hawakubali, watu wamezoea kuandikia marafiki.”

Barua niliiandika. Niliandika maneno ya kawaida, nikampelekea mzee, akasaini bila kusoma. Kitabu sikukigusa. Kistari ni rahisi kukigeuza tiki, unaongeza mkwaju mmoja tu, na hakuna mtu angejua. Nilijua hivyo jioni ile na nilijua hivyo asubuhi. Sikuongeza. Nilijiambia acha afike pale, acha asikie, mara moja tu, jinsi inavyokuwa.

Tuliingia ofisini Jumanne saa tano na nusu, yeye na leso nyeusi kichwani, mimi na kitabu kwapani. Katekista wetu ni mtu wa mpango, miwani puani, muhuri upande wa kulia. Alisoma barua, akatoa pole, akafungua kitabu. Kidole chake kikashuka hadi mstari wa mwisho. Nilikitazama kidole kile bila kupepesa, na nakiri haikuwa kwa huruma.

“Mama,” katekista alisema, “hapa inaonyesha hujawahi kuja. Hata mara moja.”

Ndiyo hii, nilijiambia. Ndiyo hii, kunywa.

Alikuwa na haki ya kupiga kelele. Angeweza kusema waliketi kwangu, walikula kwangu, huyu hapa ni shahidi. Hakusema. Alinitazama kidogo, akatazama kitabu.

“Kama kitabu kinasema hivyo,” alisema, “ni sawa.”

Katekista akavua miwani. Alisema barua inasema hivi na kitabu kinasema vile, na yeye hawezi kupeleka mkanganyiko kwa padre. Kesho padre ana nafasi moja tu, saa nne asubuhi. Tukaongee na mwenyekiti, turudi na maelezo. Ofisi inafungwa saa saba.

Tulitoka tukaketi kwenye benchi la nje, chini ya ubao wa matangazo. Nilikuwa nimengoja utamu ule uje, ule wa Jumamosi. Haukuja. Nikamkasirikia hata kwa hilo.

“Mbona hukusema kitu?” nilimuuliza.

“Ningesema nini? Mimi nilikuwa naona,” alisema. “Kila wiki. Kitabu si kinapitishwa?”

“Ulikuwa unaona.”

“Nilikujua siku ya kwanza. Uko na uso wa mamako, na unakunja mdomo vile alikuwa anakunja. Nikajiambia, wacha aandike. Akishiba ataacha. Nilifikiri Kwaresima ikiisha utakuwa umemaliza.”

Yeye alikuwa anatazama mikono yake.

“Na kuna kitu nataka kukuambia,” akaendelea. “Si eti ndio unisaidie. Ni kwa sababu sitaki kumzika mzee wangu na hii kitu bado iko kwa roho.” Akaikaza leso kichwani. “Mamako alikuwa anakuja.”

“Anakuja wapi?”

“Jumuiya. Ile miezi mitatu. Si Jumamosi zote, lakini alikuja. Polepole, ameshika mabati ya nyumba za watu mpaka anafika. Alikuwa anakaa hapo mlangoni kwa sababu kupita katikati ya watu hangeweza. Mimi ndiye nilikuwa naweka kistari.”

Nilimuuliza kwa nini. Nadhani niliuliza kwa upole, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuuliza vingine.

“Tulikosana. Aliniambia chapati zangu zinanuka mafuta ya jana. Mbele ya wateja.” Akafuta uso kwa ncha ya leso. “Zilikuwa zinanuka. Lakini angeniambia pembeni.”

Nilitaka kumpiga. Siandiki hivyo kwa mapambo. Mkono wangu ulikwisha kukunjika juu ya kitabu, na nilijiona waziwazi nikimwangusha kutoka kwenye lile benchi, mjane wa siku moja, mbele ya sanamu ya Mama Maria ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeishonea kitambaa cha zambarau cha Kwaresima. Miaka minane nilikuwa nimemwona mama kwenye kile chumba, ameketi kitandani na nguo yake ya kanisani, ananingoja mimi. Kumbe hakuningoja. Aliponiona siji, alikwenda. Alikwenda na miguu ile, akarudi, akapika, na nilipofika kutoka Toi hakuniambia neno, ili nisijisikie vibaya. Na huyu alikuwepo akamwona akiingia, akamwona akiketi, akachukua kalamu.

Kwa mara ya kwanza nilikuwa na haki kamili. Sikuhitaji kufanya lolote. Nilihitaji tu kukaa kwenye benchi mpaka saa saba ipite.

Nikachana karatasi ya mwisho ya kitabu, nikampa na kalamu.

“Andika,” nilimwambia.

“Niandike nini?”

“Barua ya mama yangu.”

Alinitazama aone kama nina mzaha. Kisha akaweka karatasi juu ya goti, akaandika, herufi zikipanda na kushuka. Aliandika majina ya mama, yote mawili, la ubatizo na la kwao. Aliandika kwamba marehemu alikuwa mwanajumuiya wetu, na alikuja akiwa mgonjwa, na mimi niliyekuwa mwenyekiti sikumwandika. Akatia sahihi. Nikaisoma mara mbili, nikaikunja mara nne, nikaitia kifuani.

Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi. Ningeweza kusimama pale pale. Nilikaa dakika tano zaidi, nikitazama saa ya ukutani kupitia dirishani, nikimwacha naye aitazame. Hizo dakika tano ni miongoni mwa madoa niliyotaja mwanzoni.

Kisha nikaingia.

“Alikuja Jumamosi zote saba,” nilimwambia katekista. “Moja tulikuwa kwake, tukamwombea marehemu. Alitupikia chapati.”

“Na hivi vistari?”

“Ni vyangu.”

“Ulikosea mstari?” aliuliza. Ni mtu mzuri, alikuwa ananifungulia mlango nitoke.

“Sikukosea. Niliweka nikijua.”

Alivaa miwani tena. Akanisogezea kitabu na kalamu. “Rekebisha. Kila kimoja, na sahihi yako kando.”

Nikaongeza mkwaju mmoja kwenye kila kistari, mara saba, na mara saba nikaweka sahihi. Alipiga muhuri barua, akaandika saa nne kwenye daftari la padre. Nilipotaka kuchukua kitabu aliweka kiganja juu yake.

“Katibu, hiki kiache hapa,” alisema.

Hivyo ndivyo nilivyoacha kuwa katibu. Mzee yule alizikwa Jumatano, makaburi ya Lang'ata, baada ya misa yenye ubani na nyimbo tatu. Sikwenda. Watu wameniuliza, na padre ameniuliza, kama nilimsamehe. Sikumsamehe. Nilimwandika kwa sababu alikuja, na mtu aliyekuja anaandikwa. Kama huo ndio msamaha, basi ni kitu kidogo kuliko wanavyohubiri. Pasaka kasha la hasira lilichomwa, na jina la mama mboga ndani yake, maskini, ambaye mpaka leo ananiuzia nyanya bila kujua alivyosamehewa kwa fahari. Barua ya mama iko juu ya mlango wangu, nyuma ya tawi la mwaka huu. Tawi nitalitoa likachomwe. Barua siitoi.

Jumamosi baada ya Pasaka nilichelewa jumuiya. Mteja aliniweka Toi, suruali tatu za ofisini, na nilipofika, nyumba ya zamu ilikuwa imejaa watu, kukawa hakuna pa kupita. Nikaketi kwenye kigoda mlangoni, nyuma ya migongo. Katibu mpya, dada mmoja mwenye kucha ndefu, alikuwa anasoma majina. Alifika kwangu, akainua macho, akanitafuta mahali ninapokaa siku zote.

“Huyu leo hajafika?” aliuliza. “Niweke dash?”

Watu wakatazamana. Yule mama alikuwa ameketi mbele, na leso yake nyeusi, amenipa mgongo. Hakugeuka.

“Weka tiki,” alisema. “Yuko hapo mlangoni.”

Dada akaandika, akasoma jina lililofuata. Nami nikamkasirikia upya yule mama, pale pale kwenye kigoda, kuliko nilivyowahi kumkasirikia. Lilikuwa neno lile lile alilopaswa kulisema miaka minane iliyopita. Na lilikuwa limemchukua muda mfupi kuliko kugeuza chapati.